Mtoto Asiyeitika: Somo Kuhusu Usonji na Kuutambua Mapema

Somo la safari hii ni juu ya watoto ambao huwa hawaletwi kwenye mikutano yetu. Wako nyumbani, wengine wamefungiwa. Majirani wanawajua lakini hawawataji. Tunaomba mwenyekiti asome somo hili kwa sauti, pole pole, na kikundi kisimame kila mahali palipo na maswali. Kama ni refu, ligawanyeni kwa mikutano miwili.

Tuanze na igizo fupi. Wanakikundi wawili walicheze mbele ya wenzao. Watu hawa ni wa mfano tu.

IGIZO

(Jikoni, asubuhi, katika kijiji karibu na ziwa. Nyar Alego anachambua omena. Mama mkwe wake amekaa na mjukuu wa miaka miwili na nusu.)

MAMA MKWE: Nyar Alego, huyu mtoto nimemwita mara tatu. Haitiki.

NYAR ALEGO: Nimeona, Mama. Lakini kifuniko cha sufuria kikianguka anageuka mara moja.

MAMA MKWE: Basi si kiziwi. Ni kiburi?

NYAR ALEGO: Sio kiburi, Mama. Hata akitaka maji haonyeshi kwa kidole. Ananishika mkono, ananivuta mpaka kwenye mtungi, halafu anausukuma mkono wangu juu ya kikombe. Usoni haniangalii.

MAMA MKWE: Watu wanasema, mwanangu. Wanasema mlijenga kabla ya kaka yenu mkubwa. Eti hii ni chira.

NYAR ALEGO: Na wengine wanasema ni mimi, kwa sababu nashinda bichi. Nisipokwenda bichi tutakula nini, Mama?

MAMA MKWE: (Anamwangalia mtoto, ambaye anazungusha kifuniko na kukizungusha tena.) Mimi nimelea watoto saba. Huyu hafanani na wale. Lakini hana ubaya. Sasa tumpeleke wapi?

(Igizo linasimama hapo.)

Maswali: Je, mmewahi kuona mtoto kama huyu? Nyar Alego ameona mambo gani? Nani analaumiwa, na kwa nini?

USONJI NI NINI?

Mama yule ameona vizuri kuliko anavyodhani. Mambo aliyoyataja ni yale yale ambayo wataalamu wa akili na makuzi ya watoto huyatafuta. Hali hiyo inaitwa usonji.

Usonji ni jinsi ubongo wa mtoto unavyokua tofauti tangu mwanzo. Mtoto hupata shida katika mambo mawili. La kwanza ni kuwasiliana na kuchangamana na watu: kuitika, kutazamana, kuonyesha, kuzungumza, kucheza na wenzake. La pili ni kurudia rudia: kuzungusha kitu kile kile, kupunga mikono, kutaka njia ile ile na chakula kile kile kila siku, au kusumbuliwa sana na sauti, mwanga au nguo fulani. Wengine hawasemi kabisa. Wengine husema sana, lakini juu ya jambo moja tu. Wengine wana akili kali, na wengine wana ulemavu wa akili au kifafa pamoja na usonji. Kwa hiyo watoto wawili wenye usonji wanaweza wasifanane hata kidogo.

Usonji hauambukizi. Hautokani na malezi mabaya. Hakuna dawa ya kuuondoa, na mtu akikuuzia dawa ya namna hiyo, linda mfuko wako. Lakini mtoto anaweza kufundishwa, na kadiri anavyoanza mapema ndivyo inavyomfaa zaidi, kwa sababu ubongo wa mtoto mchanga hujifunza haraka.

Ni watoto wangapi? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Hebu hesabuni nyumba za kijiji chenu na watu waliomo. Si ajabu kumkuta mmoja au zaidi.

LAWAMA ILIANZA MBALI

Wengi wetu tunadhani ni sisi tu wa kando ya ziwa tunaotafuta mtu wa kulaumiwa. Sivyo. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika habari za watoto 11 waliokuwa na hali hii, akaipa jina. Miaka iliyofuata, wasomi kadhaa huko walisema kwamba mama ndiye chanzo: eti ni mama mwenye moyo baridi, asiyempenda mtoto wake. Akina mama wengi waliishi na aibu hiyo, na watoto wengine walitengwa na mama zao eti ndiyo tiba.

Lawama hiyo ilivunjwa na nini? Ilivunjwa na watu waliokaa chini wakachunguza. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu akionyesha kwamba chanzo kiko katika mwili. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter, huko Uingereza, walichunguza jozi 21 za mapacha. Kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana kabisa, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Kati ya jozi 10 za mapacha wasiofanana, hakuna hata moja. Sasa fikirini: mapacha wote, wa aina zote mbili, wanalelewa na mama mmoja katika nyumba moja. Kama malezi ndiyo chanzo, tofauti hiyo ingetoka wapi? Ndipo ilipoonekana kwamba mtoto huzaliwa na sehemu kubwa ya jambo hili katika damu ya ukoo, bila kosa la mtu.

Hapa kwetu chira inasemwa, na nyumba nyingine zinasema jini au uchawi. Hatukuja kugombana na wazee kuhusu desturi. Tunauliza jambo moja tu: miaka inayopita familia ikitafuta nani alikosea, mtoto anafundishwa na nani? Ng'ombe atauzwa, kondoo atachinjwa, na mtoto atafika miaka saba hajajifunza kuomba maji.

Kuna lawama nyingine iliyokuja juzi juzi, kwamba usonji unaletwa na chanjo. Maneno haya yalisambaa kutokana na makala ya mwaka 1998 katika jarida moja la madaktari huko Uingereza. Makala hiyo ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, na uchunguzi wa watoto wengi sana katika nchi mbalimbali haukuona uhusiano wowote. Kwa hiyo mpeleke mtoto kliniki apate chanjo zake zote. Surua inaua, na iko karibu.

MAMA MTAFITI WA KILIFI

Sasa tuje nyumbani Kenya. Kwa miaka mingi, watu waliotaka kupima makuzi ya watoto wa Afrika walichukua vipimo kutoka Ulaya na Marekani. Fikiria mtoto wa kijijini anaulizwa juu ya picha ya kitu ambacho hajakiona maishani, au anaambiwa apande ngazi ya ghorofa na kwao hakuna ngazi. Akishindwa, karatasi itasema amechelewa. Kumbe kipimo ndicho kilichopotea njia.

Mwanasaikolojia mmoja Mkenya, Amina Abubakar, aliifanya shida hiyo kuwa kazi yake. Alifanya utafiti katika kituo cha KEMRI na Wellcome Trust huko Kilifi, pwani, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi. Pamoja na Penny Holding na wenzao wengine, alitengeneza kipimo cha makuzi kwa watoto wa miezi 6 hadi 35. Kilitolewa mwaka 2008, nacho kinabeba jina la Kilifi mpaka leo. Kipimo hicho humtazama mtoto anavyotembea, anavyosimama, anavyoshika vitu na kutumia macho na mikono pamoja, kwa vitu na kazi ambazo mtoto wa kijiji cha Kenya anazijua.

Mwaka 2010 yeye na wenzake walitoa jambo jingine linalotugusa sisi moja kwa moja. Waliandaa orodha ya maswali ya kumwuliza mlezi: mtoto wako anafanya hili? anafanya lile? Wakaona kwamba mlezi akiulizwa vizuri, kwa lugha yake, majibu yake yanaweza kutumika kufuatilia makuzi ya mtoto. Yaani mama wa kijijini, hata kama hakusoma sana, ni shahidi wa kuaminika juu ya mtoto wake.

Baadaye alishirikiana na Joseph Gona, Charles Newton na wengine kuchunguza usonji wenyewe katika pwani ya Kenya. Walizungumza na watu 103: wazazi, walimu wa watoto wenye mahitaji maalum, wahudumu wa afya na wafanyakazi wa jamii. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Watu walitaja pepo, uchawi na laana kuwa chanzo. Walitaja pia magonjwa, shida wakati wa kuzaa na lishe mbaya. Kuhusu tiba, walikwenda kwa waganga, kwa maombi na hospitali, mara nyingi kwa zote pamoja. Wazazi walisema wanabeba mzigo wa aibu, gharama, na kukosa mahali pa kupata msaada unaofaa. Pwani ni mbali na hapa, na desturi ni nyingine, lakini nani kati yetu hawezi kusema, "Hapa ni kwetu kabisa"?

Leo Profesa Abubakar anaongoza Taasisi ya Maendeleo ya Binadamu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi. Tumeeleza kazi yake kwa sababu inatufundisha jambo moja kubwa: kumtambua mtoto mapema hakuanzi na mashine. Kunaanza na mtu anayeuliza swali linaloeleweka, na mlezi anayesikilizwa.

NG'AMBO YA ZIWA

Majirani zetu wa Uganda nao wamefanya kazi. Angelina Kakooza-Mwesige, daktari wa watoto na mishipa ya fahamu wa Chuo Kikuu cha Makerere, alichukua orodha ya maswali kumi inayotumika katika nchi nyingi kutafuta watoto wenye ulemavu, akaongeza maswali 13 yanayohusu usonji. Yeye na wenzake waliyatumia kwa watoto zaidi ya 1,100 wa miaka 2 hadi 9 katika Kampala na Wakiso, wakatoa matokeo mwaka 2014. Watoto wenye usonji walipatikana.

Linganisheni na habari za zamani. Katika miaka ya 1970 mtafiti Victor Lotter alitembelea taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Aliangalia watoto zaidi ya 1,300 na akaona 9 tu wenye usonji kamili. Wengine wakasema usonji ni ugonjwa wa wazungu. Lakini Lotter aliwatafuta kwenye taasisi. Mtoto wa Nyar Alego hayuko kwenye taasisi. Yuko jikoni. Usipogonga mlango wa jikoni hutamwona.

Kwa nini tunasema haya yote? Kwa sababu nyinyi ndio mnaoingia katika jikoni hizo.

DALILI ZA KUANGALIA

Huko Uingereza, Simon Baron-Cohen na wenzake walitengeneza mwaka 1992 maswali ya kuulizwa mtoto akiwa na miezi 18. Matatu yalikuwa na uzito mkubwa: Je, mtoto huonyesha kitu kwa kidole ili nawe ukione? Je, ukiangalia kitu, naye hugeuka kukiangalia? Je, hucheza mchezo wa kujifanya, kama kupika ugali wa udongo? Walichunguza watoto 16,000. Watoto 12 walishindwa yote matatu, na 10 kati yao walikutwa na usonji. Lakini tujihadhari: watoto wengi waliopita maswali hayo walikuja kugunduliwa baadaye. Kwa hiyo mtoto akifanya vizuri leo, endelea kumwangalia.

Hizi ni dalili ambazo mama, bibi au mwalimu wa chekechea anaweza kuziona. Mwandishi wa kikundi aziandike kwenye daftari.

1. Kufikia mwaka mmoja: haitiki akiitwa jina, halii "ba-ba, ma-ma", haonyeshi kwa kidole wala kupunga mkono wa kwaheri.

2. Kufikia mwaka mmoja na miezi minne: hana hata neno moja.

3. Kufikia miaka miwili: haunganishi maneno mawili yake mwenyewe, kama "maji taka" au "mama njoo". Kurudia tu maneno ya watu hakuhesabiwi.

4. Wakati wowote: alikuwa na maneno au alikuwa akicheka na watu, halafu akaviacha. Hii usiingoje hata wiki.

5. Hukaa peke yake akipanga au kuzungusha vitu, na hulia sana utaratibu ukibadilika.

Neno juu ya macho. Kwetu mtoto mwenye adabu huinamisha macho mbele ya mkubwa. Lakini hiyo ni adabu ya mtoto aliyekua kidogo. Mtoto anayenyonya bado hajafundishwa heshima. Yeye humtafuta mama yake kwa macho, humcheka, hutaka naye amwangalie. Kama hafanyi hivyo, usiseme ana adabu.

Dalili moja haitoshi kusema ni usonji. Mtoto anaweza kuwa hasikii vizuri, kwa hiyo masikio yapimwe kwanza. Anaweza kuwa na kifafa ambacho hakijaonekana. Na hapa kwetu tusisahau malaria. Ripoti ndogo kutoka Tanzania, ya mwaka 2006, ilieleza watoto 14 wenye usonji, na 3 kati yao walianza kuonyesha dalili mara tu baada ya malaria kali. Malaria ya ubongo huweza kuacha ulemavu wa aina nyingi. Chandarua kitumike kila usiku, na mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Maswali: Ni dalili gani kati ya hizi ambazo sisi huziita "ataacha akikua"? Tumewahi kuambiana hivyo mara ngapi?

TUMPELEKE WAPI?

Mama mkwe aliuliza swali jema. Jibu ni hili.

Kwanza, ongea na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, yule ambaye wengi bado tunamwita nyamrerwa. Mwende naye zahanati au kituo cha afya mkiwa na kadi ya kliniki na orodha ya mambo mliyoyaona nyumbani. Usiseme tu "mtoto hasemi". Sema: "Haitiki jina, haonyeshi kwa kidole, na maneno mawili aliyokuwa nayo ameyaacha."

Pili, omba barua ya kwenda hospitali kubwa. Kwa watu wa Kisumu na kaunti za jirani hospitali kubwa ya rufaa ni ile ya Jaramogi Oginga Odinga. Mwombe daktari apime masikio na aangalie makuzi yote. Ukiambiwa "subiri akue" bila mtoto kupimwa, uliza kwa heshima: "Nirudi lini, na niangalie nini mpaka siku hiyo?" Tarehe iandikwe.

Tatu, nenda kituo cha serikali cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, kinachojulikana kama EARC. Vituo hivi vilianzishwa Kenya mwaka 1984, na viko chini ya Wizara ya Elimu. Ofisi ya elimu ya eneo lenu itakuonyesha kilipo. Hapo ndipo mtoto huelekezwa shule au kitengo kinachomfaa. Mjue kwamba kitengo cha watoto wenye usonji katika shule ya msingi ya City, Nairobi, kilianza mwaka 2003 kwa jitihada za wazazi wenyewe. Wazazi waliketi, wakaomba, wakarudi tena kuomba.

Nne, mtoto akithibitishwa, aandikishwe katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Tathmini ya ulemavu hufanywa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Kadi hiyo ndiyo mlango wa misaada ambayo sheria inampa.

Anayetaka kuombewa aombewe. Maombi na kliniki havigombani. Lakini kiongozi yeyote atakayemwambia mama aache hospitali, au amfunge mtoto, au ampige ili pepo atoke, huyo anamwumiza mtoto, na kikundi kisikae kimya.

NYUMBANI, KABLA YA MTAALAMU KUPATIKANA

Wataalamu ni wachache na nauli ni ghali. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani liliandaa mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye shida za makuzi. Ni vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na mwalimu si lazima awe daktari. Profesa Abubakar pamoja na mwanasaikolojia Rosa Hoekstra wa King's College, London, wameongoza mradi unaoitwa SPARK wa kujaribu mafunzo hayo Kenya na Ethiopia. Kiini chake ni kwamba mtoto hujifunza ndani ya kazi za kila siku. Haya ni mambo ambayo mlezi anaweza kuanza leo:

1. Shuka chini mpaka uso wako uwe sawa na wa mtoto. Mwite jina mara moja, ungoje.

2. Jiunge na mchezo wake. Kama anazungusha kifuniko, zungusha nawe chako. Akikuangalia, furahi.

3. Sema maneno machache. Badala ya "Njoo hapa nikupe maji unywe haraka tuondoke," sema "Maji," ukionyesha kikombe.

4. Usimpe kila kitu kabla hajaomba. Shika kikombe, ngoja kidogo. Akinyoosha mkono, akikuangalia au akitoa sauti yoyote, mpe mara moja na umsifu.

5. Weka utaratibu wa siku: kuamka, kunawa, uji, kucheza. Kama kuna mabadiliko, mwonyeshe mapema.

6. Akipiga kelele, kwanza tafuta sababu. Njaa? Sauti ya redio? Sikio linauma? Mtoto asiyeweza kusema husema kwa kilio.

Dakika kumi, mara tatu kwa siku, wakati wa kuosha vyombo au kuchambua omena, zinatosha kuanza. Na baba pia afundishwe, na bibi, na ndugu zake mtoto, kwa sababu mama hawezi kubeba peke yake.

ZIWA LETU

Tunaomba mstari huu usomwe mara mbili. Watoto wengi wenye usonji huondoka nyumbani bila kuaga, na wengi huvutwa na maji. Hawaoni hatari, na wakiitwa hawaitiki. Katika nchi ambako jambo hili limechunguzwa, kuzama majini ni kati ya sababu kubwa za vifo vya watoto hawa wanaopotea. Sisi tunaishi kando ya ziwa, mito na mabwawa ya samaki.

Wazazi wengine humfunga mtoto kwa kamba kwa sababu ya hofu hiyo. Tusiwahukumu, ila tuwasaidie waifungue kamba. Boma liwe na ua na lango linalofungika. Majirani wote na vijana wa bichi wamjue mtoto kwa sura na jina. Akipotea, watu wa kwanza wakimbilie majini kabla ya kutafuta kwingine. Na kikundi kipange zamu.

KIKUNDI KINAWEZA NINI?

Hebu turudi jikoni kwa Nyar Alego. Anahitaji mtu wa kukaa na mtoto siku ya bichi. Anahitaji nauli ya kwenda Kisumu mara mbili au tatu. Anahitaji mtu wa kumsindikiza, maana kusubiri hospitali na mtoto anayepiga kelele, huku watu wanakukodolea macho, ni kazi ya watu wawili. Na anahitaji mama mkwe asimame mbele ya majirani aseme, "Mjukuu wangu hana chira. Ana usonji, na tunamfundisha."

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mfadhili. Kikundi kinachochangia mzunguko kila wiki kinaweza kutenga kiasi kidogo kwa nauli. Kikundi chenye akina mama ishirini kinaweza kugawa zamu, kila mmoja nusu siku kwa mwezi. Na kila kikundi kinaweza kuacha kutaja mtoto yeyote kwa jina la dharau.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba gani ambazo tumeacha kuzitembelea kwa sababu ya mtoto aliyemo?

2. Ni nani kati yetu ataongea na nyamrerwa, na ataleta majibu lini?

3. Malizieni igizo. Mama mkwe ameuliza, "Tumpeleke wapi?" Wanakikundi wengine wawili wasimame waendeleze hapo. Wa tatu aingie kama jirani na kusema, "Hodi, Mama. Nyar Alego, hodi." Jirani huyo atasema nini?

4. Chagueni jambo moja tu la kufanya kabla ya mkutano ujao. Liandikwe kwenye daftari, na jina la mwenye kulifanya liandikwe kando yake.